Mkufu wa Siku Saba

Nyumba ya Ay Meftuha ilikuwa ndani ya ukuta wa zamani wa Harar, katika kichochoro ambacho punda wa kuni akiingia, mtu anayekuja hana budi kurudi kinyumenyume. Aliitwa Ay, yaani mama, kwa sababu watu wa Harar hawamwiti mwanamke mzima kwa jina tupu. Alikuwa mjane, mpole wa sauti lakini mgumu wa rai, na kazi yake ilikuwa kutunga mikufu ya kaharabu na fedha, kama alivyofundishwa na mama yake.

Kazi hiyo aliifanya kwa taratibu mbili, na hakuna aliyewahi kumwona akiziruka. Kwanza, kila baada ya ushanga alifunga fundo, akalisukuma kwa ncha ya sindano mpaka likaukaba ushanga barabara. Pili, mkufu ukishakamilika hakuuuza. Aliuvaa yeye mwenyewe siku saba. Alikwenda nao sokoni, akapika nao, akahudhuria misiba nao, hata akalala nao. Uzi wa pamba uliopakwa nta hulegea ukivaliwa; basi siku ya nane aliufungua mwisho wake, akauvuta, akaufunga upya. Hapo ndipo mnunuzi alipopewa, na mkufu huo angeuvaa yeye, binti yake na mjukuu wake.

Bintiye wa pekee, Remziya, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, aliziona taratibu hizo kuwa kijiwe ndani ya kiatu. Alikuwa amefungua duka mtandaoni. Halikuwa na mlango wala rafu. Lilikuwa ukurasa tu wenye picha, jina la mama yake juu na namba ya simu chini. Alikusudia kuwauzia Waharari waliotawanyika Toronto, Melbourne na Jidda, ambao kila mwaka hurudi nyumbani kuoa na kuoza.

Wakati wa Maulidi, mjomba wake Abdulwasi alipanda kutoka Dire Dawa kuwajulia hali. Yeye ndiye aliyekuwa mwanamume wa ukoo tangu baba yake Remziya alipofariki, na neno lake halikuwa dogo. Alikaa akitafuna mirungi yake taratibu, akaitazama simu ya mpwa wake, kisha akamrudishia.

"Mwanangu, duka lisilo na mlango mimi silijui," alisema. "Nina kiti kitupu dukani kwangu. Njoo uuze vipuri."

"Mjomba, mimi niuze breki?"

"Breki zina ubaya gani? Gari linaharibika kila siku. Watu hawaoani kila siku."

"Nami mama nimwache na nani?"

"Mama yako atakula kwa mshahara wako. Kwani sasa anakula picha?"

Remziya alimtazama mama yake, naye mama alikuwa ameinamia sindano. Mjomba hakuwa mkatili. Alipoona macho ya binti yamelowa, alilainika. "Haya, tusikilizane. Nakupa mpaka Arafa. Siku ya nne ya Idi nitakuja na gari. Nikikuta watu wanakutafuta wewe, sitasema neno tena. Nikikuta wewe bado unawatafuta wao, unapanda gari tunashuka."

Ay Meftuha aliuliza kama hilo ni la haki. Remziya akajibu kuwa ni la haki. Lakini moyoni aliogopa. Aliogopa joto la Dire Dawa na harufu ya oili, naam, ila zaidi ya yote aliogopa kwamba akiondoka, sindano ya mama yake haitakuwa na wa kuirithi.

Basi akaingia kazini kama siafu. Mtu asimlaumu, nani asiyetaka kubaki kwao? Tabu ya kwanza ilikuwa kwamba mikufu ya mama yake haikupendeza pichani. Kaharabu ya zamani ni nzito ya rangi kama asali iliyokaa mtungini, na fedha iliyokwisha kuvaliwa siku saba haimetameti. Remziya akajifunza kuitia mwanga kwa simu mpaka kaharabu ikawaka kama taa. Akamtafuta msichana mmoja wa Dire Dawa mwenye wafuasi wengi mtandaoni, akampa mkufu bure ili acheze nao mbele ya kamera. Akaandika kwa herufi kubwa: PUNGUZO! IMEBAKI MITATU TU!

"Imebaki mitatu ipi?" aliuliza Ay Meftuha, aliyekuwa amevaa mkufu mmoja na kushika nusu ya mwingine. "Mbona mimi siioni?"

"Ndiyo lugha ya biashara, mama."

"Inaitwaje lugha hiyo?"

"Inaitwa tangazo."

"Kwetu inaitwa uongo," alisema mama, akaendelea kufunga fundo.

Tangazo likazaa. Kwanza zilikuja sifa: mashaallah mia mbili, mioyo mia tano, na mnunuzi hata mmoja hayupo. Kisha, wiki mbili kabla ya Ramadhani, watu wa ughaibuni walipoanza kujiandaa kwa harusi za Shawwal, mwezi unaofuata, simu ya Remziya haikunyamaza. Oda thelathini na moja! Aliruka chumbani peke yake, akapiga makofi kwa furaha. Halafu akapiga hesabu, furaha ikanyong'onyea. Mama yake alitunga mkufu mmoja kwa siku nne, akauvaa siku saba. Kwa mwendo huo, bwana harusi wa mwisho angekuwa na watoto wa kusoma madrasa.

Hapo ndipo Remziya alipokosea. Mama alikuwa amemgawia mfuko wa shanga ajifunzie. Shanga zilikuwa zilezile, kaharabu ileile na fedha ileile, na kwa hilo alijituliza nafsi. Alikwenda dukani akanunua nailoni, ile nyembamba isiyoonekana. Hakufunga fundo hata moja, isipokuwa la mwisho. Hakuvaa mkufu hata siku moja. Alitunga sita kwa siku, akaifunga ndani ya vijisanduku vilivyoandikwa "Kazi ya mikono ya Ay Meftuha", akaituma. Mama aliona mfuko unapungua, akadhani mtoto anajifunza kwa bidii, akamshukuru Mungu.

Ikaja Shawwal na harusi zake. Kubwa kuliko zote mwaka huo ilikuwa ya kijana aliyeoa akitokea Toronto, aliyekuja na dada yake aitwaye Ihsan. Wanawake wa afocha, chama chao cha kushikana mikono katika harusi na misiba, walijaa ndani, mabega kwa mabega, kuanzia jukwaa la juu la kukalia mpaka la chini. Kiongozi wao, Ay Zeytuna, mama mnene mwenye ulimi wa upanga, alikuwa na ngoma mapajani. Ay Meftuha alikaa karibu naye, shingoni amevaa mkufu uliokuwa katika siku yake ya tano.

Ihsan naye alikuwa amevaa mkufu aliouagiza kwa Remziya. Remziya alipouona, hakukawia. Alisimama mlangoni, akawasha simu, akaanza kurusha moja kwa moja kwenye ukurasa wake.

"Karibuni, karibuni jamani," alinong'ona. "Tupo harusini. Mtazameni dada yetu wa Toronto na mkufu wetu. Bado tunapokea oda!"

Watu mia nne walikuwa wakitazama. Ngoma ikapamba moto, wanawake wakagonga vibao vyao vya mbao, na Ihsan, aliyekuwa ameikosa ngoma ya kwao miaka kenda, akajitupa katikati. Alizungusha mabega mara moja, mara mbili. Mara ya tatu nailoni ikakatika. Haikudondosha ushanga mmoja wala miwili. Shanga zote tisini zilimwagika kwa mkupuo, zikaruka juu ya sakafu nyekundu, zikaingia chini ya mikeka, zikagonga vikombe vya kahawa. Ngoma ikakatika pia.

"Ala!" alisema Ay Zeytuna. "Nani kakutungia kituko hiki, mwanangu?"

Ihsan, maskini, hakujua analosema. "Ni kazi ya Ay Meftuha. Niliuona kwenye simu."

Nyumba nzima ikageuka kumtazama Ay Meftuha. Mama huyo aliinuka, akaokota uzi sakafuni, akaupitisha kati ya vidole viwili tangu mwanzo hadi mwisho. Hakukuta fundo. Akainua macho akamwona binti yake mlangoni, simu bado imenyanyuliwa, uso umesawijika. Angeweza kusema neno moja tu akajinasua. Hakulisema.

"Umetoka nyumbani kwangu," alisema. "Niwieni radhi." Kisha akapiga magoti mbele ya wanawake wenzake, akaanza kuokota shanga moja moja.

Remziya alitaka ardhi ipasuke immeze. Alizima simu, akapiga magoti kando ya mama yake. Hakuna aliyewatukana. Afadhali wangetukana. Waliwasogezea shanga kwa ncha za vidole vya miguu, wakanong'onezana.

Nyumbani, Ay Meftuha alizimimina shanga ndani ya bakuli. "Nimetunga mwaka wa thelathini na sita huu," alisema. "Hakuna mtu aliyewahi kunirudishia mkufu. Kuna mingine?"

"Thelathini," alijibu Remziya, akaangua kilio. "Mama, nilitaka nibaki nawe. Nilitaka mjomba asinichukue."

"Najua ulichotaka. Hata mimi nilikitaka. Irudishe yote."

Asubuhi yake Remziya aliandika kwenye ukurasa wake, bila mwanga wala herufi kubwa: mikufu yote iliyotumwa imetungwa vibaya na yeye, si na mama yake; anayetaka fedha yake atarudishiwa; anayetaka mkufu autume, utatungwa upya. Kisha hakuandika tena. Wengine walimtukana mpaka simu ikachemka. Wafuasi waliondoka kwa makundi. Yule msichana wa Dire Dawa aliifuta video yake, akadai hawajuani. Mikufu ishirini na minne ilirudi, mingine mikononi mwa wageni kabla hawajapanda ndege, mingine kwa posta ikiwa na lawama tele, na yote Remziya aliipokea kwa mikono miwili.

Ndipo alipojifunza kazi. Vidole vilimtoka malengelenge, nta ikamganda kuchani. Mama alikuwa mwalimu asiye na haraka. Fundo likikaa mbali na ushanga kwa unene wa unywele, alilifungua lote. Baada ya wiki tatu mafundo ya binti yakaanza kukaa. Lakini ikabaki tabu nyingine.

"Mikufu ni mingi na shingo ni moja," alisema Ay Meftuha.

"Shingo ni mbili," alijibu Remziya.

Akaanza kuivaa, mitatu kwa mara moja. Alikwenda nayo sokoni kununua vitunguu, akapanga nayo foleni benki, akaketi nayo msibani akigawa kahawa ya maganda ya buni. Mwanzoni aliona haya, kwa maana mji mzima uliijua habari yake. Lakini macho ya watu hayana adabu. Siku moja muuza vitunguu alimkamata mkono.

"Wee binti, hebu inama. Huo wa katikati bei gani?"

"Hauuzwi, mama. Una mwenyewe. Nangoja uzi ukae."

"Ukae wapi?"

"Shingoni. Siku saba."

"Na wangu mimi lini?"

Remziya alicheka, akidhani ni utani. Mama yule hakucheka. Siku ya pili alimpelekea shanga za marehemu mama yake zikiwa zimefungwa ndani ya kitambaa, zimelala miaka kumi kwa kukosa mtunga.

Habari haikuchelewa kumfikia Ay Zeytuna. Alikuja nyumbani alasiri moja, akapita mlangoni kwa ubavu, akakaa bila kukaribishwa.

"Nasikia sasa mnatunga," alisema. "Nipe niuone."

Remziya alivua mmoja, ulikuwa katika siku ya sita, akampa. Ay Zeytuna aliugeuza, akaunusa, akauvuta. Halafu, bila kuomba ruhusa, akachomoa mkasi kwenye mkoba wake akaukata katikati, kwap!

"Ay Zeytuna!" Remziya alipiga kelele.

Ushanga mmoja ulianguka mapajani mwa mama yule. Mmoja tu. Themanini na tisa zilizosalia zilibaki mahali pake, zimekumbatiwa na mafundo yake, sehemu mbili za uzi zikining'inia mikononi mwake. Aliutikisa. Akautikisa tena kwa nguvu, kama anayekung'uta mkeka. Hakuna kilichoanguka.

"Nani kaufunga huu? Wewe au mama yako?"

"Mimi," alisema Remziya.

"Utunge upya. Ukimaliza ni wangu, na mwenyewe atafutiwe mwingine. Wala usinibishie, nina miaka sabini."

Ay Zeytuna hakuwa na ukurasa mtandaoni. Alikuwa na harusi nne na misiba miwili mwezi ule, na shingo pana. Kila alipokaa, alisimulia habari ya mkasi, akanyosha shingo watu wapapase. Wenye ndugu Jidda wakawaambia ndugu zao; wenye mabinti Toronto wakawaandikia mabinti zao. Ihsan mwenyewe, aliyerudishiwa wake kabla ya kuondoka, aliuvaa kazini huko aliko, na wenzake wa kabila lake na wasio wa kabila lake wakamuuliza. Remziya hakupata kuyajua hayo yote. Yeye alichoona ni watu kubisha hodi na vitambaa vyenye shanga, au kupiga simu wakisema, "Nimeuona kwa fulani." Aliandika majina katika daftari, akawaambia wangoje.

Arafa ikawadia. Siku ya nne ya Idi, Remziya aliamka mapema akatazama simu. Ukurasa wake ulikuwa kimya kama makaburi. Tangu Shawwal hakuwa ameweka picha. Na kwa kuwa ilikuwa Idi, watu walikuwa majumbani mwao wakila nyama, hakuna aliyebisha hodi tangu alfajiri. Siku zote wamekuja, leo hakuna! Alikunja nguo zake ndani ya mfuko, ahadi ni deni. Mama yake alimtazama akikunja, akajifanya anatafuta sindano ili machozi yake yasionekane.

Mjomba Abdulwasi aliingia akifuta jasho. Aliwakumbatia, akaketi, akatazama huku na huko.

"Haya, mwanangu. Wateja wako wapi?"

"Leo hawajaja, mjomba."

"Nionyeshe kwenye simu basi."

Remziya akamwonyesha, daftari la majina lisimjie akilini, kwa kuwa majina yale aliyahesabu kuwa madeni, si wateja. Mjomba alishusha kwa kidole, akashusha tena. "Picha ya mwisho ya Shawwal. Hata hujawatafuta! Sasa mimi nifanyeje?" Alisema kwa masikitiko, si kwa kejeli, akauangalia ule mfuko wa nguo. "Twende, mwanangu. Mimi nimekuja na mke wangu, yuko nyuma anapanda taratibu, miguu inamsumbua. Akifika tunywe kahawa tuondoke."

Mkewe, Bi Sureya, akaingia wakati huohuo, pumzi juu. Hakumsalimia mtu. Macho yake yalikwenda moja kwa moja shingoni mwa Remziya, ambako mikufu mitatu ilikuwa ikimaliza siku zake.

"Ndiyo yenyewe!" alisema, akaishika. "Niliuona msibani Dire Dawa, kwa mke wa mwenye kinu. Nikamuuliza kaununua wapi, akaniambia haununuliwi, unangojewa. Nikamwambia, mwenye kutunga ni mpwa wa mume wangu! Akacheka, akasema basi niende nikapange foleni kama wenzangu. Remziya, mwanangu, nivulie huu."

"Una mwenyewe, mama."

"Na huu?"

"Nao una mwenyewe. Yote ina wenyewe."

"Sasa mimi wangu lini?"

Remziya alifungua daftari. Alipitisha kidole kwenye majina, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mjomba Abdulwasi alikuwa amenyosha shingo akisoma naye, midomo ikimcheza kimyakimya.

"Baada ya Maulidi, mama."

"Maulidi! Miezi mitatu!"

"Mbele yako wako arobaini na wawili."

Bi Sureya alimgeukia mumewe kwa hasira. "Abdulwasi, huyu ndiye unayetaka kumpeleka akauze breki? Nani atanitungia mimi?"

Mjomba aliushika mfuko wa nguo, akaupima mkononi, akauweka nyuma ya mlango. "Kumbe nimeendesha gari kupanda mlima wote huu," alisema, "kumletea mteja."

Ay Meftuha alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko ambacho binti yake hakuwa amekisikia tangu harusi ile. Akaenda kuinjika kahawa. Bi Sureya akakataa kuondoka mikono mitupu. Alivishwa mkufu wa mtu mwingine, auvae siku saba huko Dire Dawa uzi ukae, kisha aurudishe, naye akapanda gari nao kidevu juu kama bibi harusi. Remziya alizitoa nguo zake mfukoni, akazirudisha sandukuni, akakaa kando ya mama yake akafunga fundo lililokuwa limengoja.

Alipoutembeza mkufu mbaya kwa taa, ngoma na kelele, ulimwaibisha mbele ya watu. Alipouvaa mzuri akanyamaza, watu walimfuata, hata kutoka nyumbani kwa mjomba wake. Hakika, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.